Baki Moja

Mashine ya kupigia namba ina magurudumu sita,
la mwisho hukwama baridi ya Julai ikizidi.
Nalipiga kofi, linageuka, gunia linapita,
vumbi la kahawa linanitua kwenye kope.

Leo, saa nne kasoro robo, ilitoka hii:
laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini.
720720.
Nikasema, Kisali, zima mkanda kidogo.
Akadhani nimebanwa kidole.

Itazame. Mia saba ishirini imejirudia
kama mtu aliyeitwa mara mbili ndipo akaitika.
Tarakimu tatu zozote ukizirudia hivyo
saba inaingia, kumi na moja inaingia, kumi na tatu inaingia,
haijalishi ulianza na zipi.
Mwalimu Ndetaulwa alituonyesha hilo, Uru, darasa la sita,
kengele ikalia kabla hajasema kwa nini.
Ilinichukua miaka ishirini kuona elfu moja na moja
imejificha humo, kama msumari ndani ya ubao.

Na si hizo tu. Gawa kwa mbili, kwa tatu, kwa nne,
panda hadi kumi na sita: haibakizi punje.
Hakuna ndogo kuliko hii yenye adabu hiyo.
Ndiyo KDS yao wote, tangu moja hadi kumi na sita.
Vigawo vyake mia mbili na arobaini,
nilivipata nyuma ya lebo, kwa kalamu ya kiwanda:
tano mara tatu, mara mbili, mara mbili, mara mbili, mara mbili.
Kumi na saba ndiyo ya kwanza kukataliwa. Zinabaki tano.

Kihamba cha baba kule Kibosho kingekuwa namba hii
tungekula pamoja hadi leo.
Lakini kihamba ni migomba, mfereji, na kaburi moja.
Kaka zangu watatu walishika kamba,
wakagawa kwa tatu, wakapanda masale mpakani.
Mimi ni wa nne.
Wewe utaolewa, walisema.
Nilikuwa na miaka arobaini na sita.

Kisali akawasha mkanda.
720721.

Gawa kwa mbili, baki moja.
Kwa tatu, baki moja. Kwa saba, kwa tisa, kwa kumi na sita,
moja,
ile ile moja, imesimama uani na kapu lake
wenzake wakiwa wameshaingia ndani.
Hii ni tasa, nikasema, tena kwa sauti,
na wanawake wanaochambua kahawa wakageuka wote,
maana neno hilo halisemwi ovyo mbele yangu.

Mchana sikula. Nilijaribu.
Kumi na saba: baki sita. Kumi na tisa: kumi na tatu.
Ishirini na tatu: kumi na sita.
Thelathini na moja: mbili, nikashusha pumzi.
Sitini na saba: mbili tena.
Chai ikapoa, ikaota ngozi.
Sabini na moja,
ikaingia. Bila kusukumwa.
Sabini na moja mara elfu kumi, mia moja hamsini na moja.
Nilirudia mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Kumbe si tasa.
Ilikuwa imeulizwa na majirani tu.

Nimeitafutia maana sabini na moja, sijaiona.
Baba alikufa na themanini na mbili.
Chumba ninachopanga, Pasua, hakina namba mlangoni
(Pasua ni jina la mtaa, si amri).
Pengine haina maana. Pengine ni kweli tu, basi.

Gunia limeondoka na lorí la jioni, na lebo mpya.
Ile yenye hesabu iko mfukoni mwa aproni,
inanikwaruza nikiinama.
Iliyofuata ilikuwa shufwa.
Gurudumu lilikwama. Nikalipiga kofi.